Kilichowatoa Kwao: Sababu za Kusafiri katika Nathari ya Kiswahili ya Awali

Utangulizi

Methali za Kiswahili hazikubaliani juu ya safari. Moja humhimiza kijana atembee aone. Nyingine humwonya kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Ya tatu hudai kwamba mkosa kwao ni mtumwa, na ya nne humtuliza mwenda tezi na omo kwa kumkumbusha kuwa marejeo yake ni ngamani. Ukinzani huu si kasoro ya hekima ya wahenga. Ni ushahidi kwamba jamii iliyozitunga methali hizo iliijua safari kwa sura zake nyingi: faida na hasara, heshima na udhalili, hiari na shuruti. Jamii ya pwani iliyoishi baina ya bahari na bara isingeweza kuwa na kauli moja juu ya jambo lililoilisha na kuitawanya kwa wakati mmoja.

Swali la makala haya ni jepesi kulitamka: ni nini kilichowatoa watu kwao? Wanahistoria wa misafara ya karne ya kumi na tisa wamelijibu kwa mizani. Wamepima frasila za pembe, majora ya vitambaa na idadi ya bunduki, wakahitimisha kwamba watu walisafiri kwa ajili ya biashara. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Halielezi kwa nini mtu aliyekwisha kupata faida hakurudi, wala kwa nini mtumishi aliyelipwa ili apike na kubeba aliyatunza akilini mambo ambayo hakuna aliyemlipa ayatazame. Kwa upande mwingine, wahakiki wa fasihi wameichelewesha mno nathari ya safari katika orodha ya maandishi yanayostahili kuhakikiwa. Kwa muda mrefu maandishi hayo yamesomwa kama ghala la desturi na msamiati, si kama kazi za watu waliochagua la kusema na la kunyamazia.

Kuna jambo kubwa zaidi linalotegemea jibu la swali hili. Katika vitabu vya karne ya kumi na tisa Mzungu aliyeingia bara aliitwa mpelelezi, na sababu yake ikatajwa kuwa ni kiu ya kujua. Mwafrika aliyekwenda naye hatua kwa hatua, mara nyingi akiwa mbele yake, aliitwa mpagazi, na sababu yake ikatajwa kuwa ni ujira. Njia ilikuwa moja, jua lilikuwa moja, lakini nia ziligawanywa kwa rangi. Kuuliza upya sababu za safari katika maandishi ya Waswahili wenyewe ni kuuliza ni nani aliyekuwa na haki ya kutambuliwa kuwa na hamu.

Sababu tatu katika safari moja

Kabla ya kuyaingia maandishi yenyewe, yafaa kutofautisha mambo matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa. Kuna sababu ya kuondoka, yaani lile lililomfanya mtu afunge mzigo. Kuna sababu ya kuendelea, yaani lile lililomzuia asirudi alipoweza kurudi. Tena kuna sababu ya kusimulia, yaani lile lililomfanya, baada ya miaka, aigeuze njia kuwa maneno. Sababu hizi huweza kuwa moja, lakini mara nyingi si moja, na mhakiki asipozitenga hudanganywa na ile inayotajwa kwanza.

Mfano wa kale unaoihusu pwani hii utaonyesha maana ya tofauti hiyo. Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, kwa nia ya kuhiji. Hija yake ya kwanza aliitimiza mwaka 1326. Lau sababu ya kuondoka ingekuwa ndiyo sababu pekee, msafiri huyo angerudi kwao na jina lake lisingejulikana leo. Badala yake, mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na alirudi Moroko mwaka 1349 tu. Ibada ilimtoa, lakini njia yenyewe ndiyo iliyomweka. Kitabu chake, kilichokamilika mwaka 1355, alikisimulia kwa mwandishi Ibn Juzayy kwa amri ya sultani. Kwa hiyo sababu ya kuondoka ilikuwa faradhi ya dini, sababu ya kuendelea ilikuwa hamu iliyochanganyika na riziki ya ukadhi na ukarimu wa wafalme, na sababu ya kusimulia ilikuwa agizo la mtawala. Msomaji anayetafuta sababu moja katika safari hiyo atakosa mbili.

Safari ya dini na elimu haikukoma katika zama hizo. Wanazuoni wa pwani waliendelea kuvuka bahari kuelekea Hijazi na Hadhramaut ili kusoma. Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na baadaye akawa kadhi wa Unguja, alifika hadi Istanbul katika miaka ya 1880. Katika jamii ya namna hiyo safari ilikuwa sehemu ya cheti cha mwanachuoni: swali halikuwa amesoma nini tu, bali amesoma kwa nani na wapi. Hata hadithi mashuhuri inayoamrisha elimu itafutwe hadi Uchina, ambayo wataalamu wa hadithi wameutilia shaka usahihi wake, ilidumu vinywani kwa sababu ilisema lile ambalo watu tayari walikuwa wakilitenda.

Mali na jina

Masimulizi ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ndiyo yanayotajwa kwanza kila inapozungumzwa safari ya biashara. Aliyasimulia maisha yake katika uzee, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliyapata kwa toleo la W. H. Whiteley la mwaka 1958 na 1959. Juu juu, hapana nathari iliyo wazi kuliko hii kuhusu sababu ya safari. Mtu anakopa bidhaa kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, anaingia bara, anatafuta pembe, anarudi kulipa. Hesabu zimetapakaa katika kurasa zake kama katika daftari la duka.

Hata hivyo, hesabu hizo haziielezi safari yake kubwa, ile iliyoanza mwaka 1870 na kumrudisha Unguja mwaka 1882. Miaka kumi na miwili si muda wa kukusanya mzigo mmoja. Katika muda huo mfanyabiashara aligeuka mtawala. Tukio linalodhihirisha mgeuko huo ni la Utetera, ambako alidai kuwa ana undugu na mtawala wa huko kupitia kwa bibi yake, na kwa dai hilo akakabidhiwa utawala. Dai lenyewe halikuwa na msingi mwingine ila ustadi wa msimuliaji aliyesikia habari ya ukoo huo na kujua namna ya kuitumia. Hapa msafiri anapata nchi kwa hadithi kabla ya kuilinda kwa bunduki. Sababu ya kuendelea si pembe tena. Ni jina. Mtu ambaye Unguja alikuwa mmoja miongoni mwa wadaiwa wengi, bara alikuwa bwana ambaye kauli yake ilitiiwa.

Sababu ya kusimulia nayo ni nyingine. Aliposimulia, Tippu Tip alikuwa amekwisha kupoteza mengi. Alikuwa Wali wa Stanley Falls kuanzia mwaka 1887 chini ya Dola Huru ya Kongo, akaondoka huko mwaka 1890, na vita vya 1892 hadi 1894 vikauvunja utawala wa Waarabu na Waswahili katika Kongo ya mashariki. Masimulizi yake ni ya mtu anayejitetea mbele ya historia iliyoandikwa na wengine, akiwemo Stanley. Ndiyo maana yanajishughulisha mno na nani alimwahidi nani nini, na nani alivunja ahadi.

Lakini mhakiki hana budi kuuliza pia juu ya ukimya. Pembe hazitembei. Ziliteremshwa pwani mabegani mwa watu, na miongoni mwao walikuwamo mateka wa vita ambavyo msimuliaji anavieleza kwa fahari. Watu hao wamo katika masimulizi kama idadi, si kama wasafiri. Hawana sababu ya kuondoka kwa kuwa hawakuulizwa. Safari moja, katika njia ile ile, ilikuwa kwa mmoja kupanda daraja na kwa mwingine kuvuliwa ukoo. Neno letu safari limezibeba zote mbili bila kulalamika, na huo ni wepesi wa lugha ambao uhakiki haufai kuufuata.

Waliobeba

Baina ya bwana wa msafara na mateka palikuwa na kundi la tatu, ambalo ndilo lililokuwa kubwa katika njia kuu ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, njia yenye urefu wa yapata kilomita 1,200. Hili ni kundi la wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na chakula chake, chombo chake na silaha yake. Mtu akiutazama mzigo huo atadhani kwamba hapana sababu ya kuubeba ila dhiki.

Ushahidi wa karne hiyo wasema vingine. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani kwa misafara yao wenyewe kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaizoea njia ya bara. Waliondoka wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakarudi kulima mvua zilipokaribia. Kijana ambaye hakuwahi kuiona bahari alihesabiwa kuwa bado mtoto. Ujira wa vitambaa na bidhaa uligeuka ng'ombe na mahari. Basi safari ilikuwa jando la pili: ilimpa kijana mali ya kuolea, na papo hapo ilimpa haki ya kusema mbele ya watu wazima. Katika mfano huu haiwezekani kuitenga faida na heshima, wala heshima na hamu ya kuona. Anayesema kwamba mpagazi alikwenda kwa ajili ya ujira tu amesema kweli ndogo na kuficha kweli kubwa.

Maisha ya Sidi Mubarak Bombay yanalifikisha suala hili mwisho wake. Bombay, Myao kwa asili, alitekwa utotoni, akauzwa Kilwa na kupelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa, aliachiwa huru, akarejea Afrika Mashariki na kuingia katika utumishi wa askari. Hapo maisha yake yangeweza kutulia. Badala yake alifuatana na Burton na Speke katika safari ya 1857 hadi 1859, kisha na Speke na Grant kuanzia 1860 hadi 1863, kisha na Stanley mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, na hatimaye na Cameron, ambaye kati ya 1873 na 1875 alivuka bara kutoka pwani ya mashariki hadi bahari ya Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani ya fedha na baadaye kikampa pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Safari ya kwanza ya Bombay ilikuwa ya kamba shingoni. Zilizofuata alizichagua. Mtu aliyeng'olewa kwao kwa nguvu angetarajiwa aichukie njia, kumbe aliirudia mara nne. Yamkini ujira ulimvuta, na yamkini hapakuwa na kwao pa kurudi, maana utumwa hauvunji mguu tu bali huvunja pia mahali pa kukanyaga. Lakini inawezekana vilevile kwamba aliyechukuliwa bila kuulizwa alipata katika safari za hiari namna ya kuitwaa njia iwe yake. Hatuna maandishi yake mwenyewe ya kuthibitisha. Yaliyopo ni maneno yake kama yalivyonukuliwa na wale aliowaongoza, na wao hawakuwa na haja ya kumpa sababu nyingine zaidi ya utiifu.

Jambo kama hilo laonekana katika safari ya waliokuwa pamoja na Livingstone alipofariki mwezi wa Mei 1873. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walikuwa hawana bwana wa kuwaamrisha. Waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Wapo wanaoiona safari hiyo kuwa uaminifu wa mtumishi, na wapo wanaoona hesabu ya ujira ambao usingelipwa bila ushahidi. Maelezo yote mawili yanawanyima jambo moja, nalo ni uamuzi. Miezi ile waliamua wao: njia ipi, nani atangulie, nini kifichwe kwa wenyeji. Walikuwa viongozi wa msafara ambao cheo chao hakikuandikwa.

Wasomaji wa Kenya wanayo nathari inayolikabili suala la safari ya shuruti ana kwa ana. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, kinaeleza njia ya waliotekwa bara, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa na manowari za Kiingereza, na hatimaye wakakaa Frere Town, Mombasa. Wahakiki wengi wamekilaumu kitabu hiki kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, kina sifa ambayo masimulizi ya Tippu Tip hayana: kinampa aliyefungwa njia ya kusimulia. Huyu hakuwa na sababu ya kuondoka wala ya kuendelea. Anayo sababu ya kusimulia peke yake, na kwa hiyo kusimulia kwake ni kupata, baada ya nusu karne na zaidi, umiliki wa safari ambayo alikuwa mzigo wake.

"Safari yangu"

Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki cha Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande juu ya safari ya bara, ya Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya Udoe na Uzigua, na ya Salim bin Abakari juu ya Urusi na Siberia, pamoja na mengine. Baadhi yake yalichapishwa tena na Lyndon Harries mwaka 1965. Ni kweli kwamba masimulizi haya yalitokana na maombi ya Velten, ambaye alihitaji matini za kufundishia maofisa wa kikoloni. Sababu ya kusimulia, kwa hiyo, ilitoka nje. Wapo waliotumia jambo hili kuyatupilia mbali wakisema kwamba ni sauti ya Mjerumani katika kinywa cha Mswahili.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Agizo huamua kwamba jambo lisimuliwe. Haliamui msimuliaji atasita wapi. Katika masimulizi ya Selemani, ambaye safari yake ilikuwa ya biashara, kinachochukua nafasi kubwa ni majadiliano ya hongo na watawala wa njiani: vipi ujumbe ulipelekwa, nani alikasirika, nini kiliongezwa. Kwa mfanyabiashara hongo ni gharama tu. Kwa msimuliaji ni uwanja ambamo watu wasiofahamiana hupimana akili, na anauandika kwa makini ya mtu aliyeufurahia mchezo wenyewe hata pale alipopoteza.

Salim bin Abakari ni mfano wenye nguvu zaidi. Mwaka 1896 alifuatana na Mjerumani Bumiller, akiwa mtumishi wake, hadi Urusi, Siberia na Asia ya Kati. Safari hiyo haikuwa yake kwa kipimo chochote cha kawaida. Hakuichagua njia, hakuigharimia, wala hakupanga siku ya kurudi. Lakini kichwa cha habari yake ni Safari yangu ya Urusi na ya Siberia. Iwe kichwa hicho alikiweka mwenyewe au kiliwekwa na mhariri, matini inakistahili. Anayesimulia anatazama baridi, mito, magari ya moshi, vyakula na mavazi. Anawatafuta Waislamu wa nchi zile na kupima dini yao kwa dini ya kwao. Yeye naye anatazamwa na watu ambao hawakuwahi kumwona mtu mweusi, na anautazama mshangao wao kama sehemu ya maajabu ya nchi. Mahusiano yaliyozoeleka katika vitabu vya upelelezi yamepinduliwa: Mwafrika ndiye mwenye jicho, na Ulaya ya mashariki ndiyo nchi ya kuelezwa.

Hapa ndipo dai kuu la makala haya linapopata ushahidi wake. Yote ambayo Salim aliyatazama hayakuwa na bei. Hayakumwongezea mshahara, wala hayakuwa katika kazi yake. Maelezo yasiyo na faida ndiyo alama ya hamu. Pale ambapo msimuliaji anatuambia jambo ambalo halihitajiki na safari yake rasmi, hapo ndipo sababu yake ya siri ya kuendelea inapojitokeza. Kiu ya kujua, ambayo vitabu vya wakati ule viliwatengea wachache, imo katika nathari ya mtumishi kwa wingi ule ule.

Mtoro bin Mwinyi Bakari anaongeza hoja nyingine. Safari aliyoisimulia katika mkusanyo huo haikufika mbali na Bagamoyo, kwao. Udoe na Uzigua ni nchi za jirani. Lakini aliwaandika majirani kama watu wanaohitaji kuulizwa, wenye mila zilizo na mantiki yake. Mtu huweza kuvuka bahari asione kitu, na huweza kuvuka kijito akajikuta ugenini. Umbali wa safari haupimwi kwa siku za njia, bali kwa maswali.

Walioondoka kwa miguu yao

Nathari iliyotajwa hadi sasa ni ya wanaume, na hilo lenyewe ni habari. Wanawake walisafiri katika misafara wakiwa wake, wapishi, wachukuzi na mateka, lakini waliombwa kusimulia kwa nadra. Mwanamke wa pwani aliyeandika kwa kirefu juu ya kuondoka kwake, Sayyida Salme binti wa Seyyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Lugha aliyoichagua inaonyesha ni nani aliyedhani angemsikiliza.

Kwa Kiswahili, nafasi hiyo ilijazwa kwa sehemu na Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Siti, mfinyanzi na mwuza vyungu wa Fumba, alihamia mjini Unguja, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Safari ya Fumba hadi mjini ni fupi kuliko zote zilizotajwa hapa, lakini kwa mwanamke wa tabaka lake ilikuwa ndefu kuliko ile ya Bombay. Ya pili aliifanya akiwa amealikwa. Ya kwanza hakuitwa na mtu. Sababu ya kuondoka ilikuwa riziki, ila riziki ambayo shamba halikuweza kumpa pamoja na sauti yake.

Mlango wa kurudi

Mwandishi huyo huyo ndiye aliyelifikisha suala la safari katika daraja ya falsafa. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, mshtakiwa Karama anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao kwenda pande zote, hata mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mambo ya kuifaa nchi, na kila mmoja alitiwa kifungoni. Kwa kawaida kitabu hiki husomwa kama fumbo juu ya ukoloni na dhuluma ya watawala, na usomaji huo ni sahihi. Lakini kikiwekwa kando ya nathari ya safari iliyokitangulia, kinatoa swali jipya. Hakiulizi kwa nini watu huondoka. Kinauliza nchi huwafanyia nini wanaorudi. Dhambi ya wajumbe haikuwa kwenda, kwa kuwa walitumwa. Dhambi yao ilikuwa kuona, na kudhani kwamba walichokiona kinaruhusiwa kusemwa.

Fumbo hili lilikuwa limetanguliwa na maisha halisi. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha Velten. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 na ambacho hadi leo hakuna mtafiti wa pwani anayeweza kukipuuza, kwa sehemu kubwa kilitokana na kalamu yake. Alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 waliabiri kuelekea kwao Mtoro, lakini serikali ya kikoloni ikakataa kumruhusu mkewe kushuka, na wakalazimika kurudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeziandika desturi za kwao kwa ukamilifu kuliko mwenzake yeyote wa wakati wake alifungiwa mlango wa kwao, na waliomfungia ni wale wale waliozisoma desturi hizo ili wamtawale.

Hitimisho

Mintarafu ya swali lililoanzisha makala haya, inadhihirika kwamba hapana sababu moja iliyowatoa watu kwao. Faradhi, pembe, mahari, jina, ujira na riziki ya sauti zote ziliwafungia watu mizigo, na wengine walifungwa wao wenyewe. Lakini nathari iliyosalia inaonyesha mambo mawili ambayo mizani ya wanahistoria wa biashara haiwezi kuyapima. La kwanza ni kwamba hamu ya kuona haikuwa mali ya tabaka wala rangi. Ilikuwamo kwa bwana wa msafara na kwa mbeba mzigo, na hujitokeza katika maelezo yasiyolipwa. La pili ni kwamba sababu ya kusimulia ndiyo inayoamua ni nani atakumbukwa kuwa msafiri na ni nani atahesabiwa miongoni mwa mizigo.

Kwa hiyo uhakiki wa nathari hii unalo jukumu la kuwasoma Selemani, Salim na Mtoro kama waandishi, na kuwatafuta Bombay na wenzake katika kurasa za waliowaajiri, hata pale wanapotajwa kwa sentensi moja. Methali isemayo kwamba marejeo ya mwenda tezi na omo ni ngamani iliambiwa mabaharia, ambao chombo chao kilikuwa mikononi mwao. Mtoro alikuwa abiria katika meli ya wengine, akaiona pwani ya kwao kutoka sitahani, na chombo kikageuka pamoja naye.